Ngozi ya Kiti cha Mama

"Sikalii ngozi ya mnyama nisiyemjua," mama alisema, akageuka, akarudi zake jikoni.

Nikabaki nimeshika mlango wa gari, majirani wananitazama. Gari lenyewe, sikatai, lilikuwa la kijinga. Jekundu, fupi, tumbo linakaribia kugusa chini, viti viwili tu, na nyuma nafasi ya kuweka begi na mwavuli. Lilitoka Japani, likapita Dar es Salaam na Mtwara, likavushwa mto wa mpakani kwa pantoni hadi hapa Palma, ambako ukiiacha barabara kuu kila njia ni mchanga. Mke wangu aliliita kiatu. "Umenunua kiatu, mume wangu, tena cha mguu mmoja." Nilikasirika, kisha nikacheka, maana alisema kweli.

Lakini nilikuwa na nia yangu. Mdogo wake mama, tumbo moja, baba mmoja, anakaa Mute, hapo tu kusini kwetu. Ukiondoka Palma na chai ya moto kwenye chupa, unafika haijapoa. Dada hawa wawili hawakuwa wameonana tangu mwaka ule wa kukimbia vita. Mama alikimbia kwa lori, mama mdogo kwa miguu, porini, siku nyingi. Mungu akawarudisha wote wazima. Halafu basi! Hakuna aliyekwenda kwa mwenzake. Ukimwambia mama twende, chapa, yale mabasi yetu madogo, zimejaa mno. Ukimwambia tena, jino linamuuma. Mara mvua. Mimi nilitaka waonane kabla mmoja wao hajatangulia, sikuwa na haja nyingine. Nikasema, safari hii namletea gari la peke yake, tuone atasema nini.

Kumbe alikuwa na la kusema. Na tuseme ukweli, haki alikuwa nayo kidogo. Viti vilikuwa vimechanika, vimeota ukungu pembeni. Aliyeniuzia aliapa kwamba ni ngozi halisi, lakini ngozi ya nani? Swali likaanza kuniwasha mimi mwenyewe. Mnyama akishakuwa kiti, unamtambuaje?

Mtaa wa pili kutoka kwetu yuko fundi wa viti. Tunamwita mestre, kama tunavyowaita mafundi wote wanaojua kazi. Ni Mmakonde kutoka huko juu Mueda, Mkristo, na sisi watu wa pwani ni watani zake. Mama alikubali kwenda, kwa miguu yake, gari likitangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeletewa mnyama. Nitajie jina lake."

Mestre alicheka mpaka akashika meza. "Umefika penyewe! Nguruwe wewe umemsikia tu, mimi nimemla. Nywele zake huota tatu tatu, kwa hiyo ngozi yake ina vitundu vitatu vitatu, vimekaa kama mafiga. Tazama." Akampa kioo cha kukuzia, kile anachotazamia sindano. Mama akainama juu ya kiti, akatazama, akasogea, akatazama tena. Muda mrefu kweli.

"Sioni mafiga."

"Huoni kwa sababu hakuna kitundu hata kimoja." Mestre akakata kipande kilichoning'inia, akakiwashia kiberiti. Kikajikunja, kikadondoka matone meusi, harufu ya dumu linaloungua ikatupanda puani. "Hii inaitwa napa. Plastiki. Mnyama wako, mama, ni ndoo."

Loo! Nilimtukana yule muuzaji kwa lugha zote ninazozijua, na Kireno kikanisaidia sana. Mama akajifuta mikono. "Basi ndoo pia sikalii."

Nilidhani tutarudi nyumbani. Lakini mama hakuondoka. Mestre alikuwa amefungua kabati akatoa ngozi ya kweli, ya ng'ombe, kahawia kama halua, na mama akaivuta kwake. Akainusa. Akaikuna kwa ukucha. Akauliza ng'ombe huyu alikuwa dume au jike, na kwa nini huku inavutika na huku haivutiki. Mestre akamweleza kwamba ngozi ya mgongo ni ngumu, hiyo ndiyo ya kukalia. Ya tumbo ni laini, hiyo hufunika pembeni.

"Kama kanga," mama akasema. "Ina mji na ina pindo."

"Ehee! Umeshajua kazi."

Akamwonyesha nyingine, iliyotobolewa vitundu vidogo kwa safu ili mgongo upate hewa. Hapo mama alipiga makofi. "Hii kofia hii!" Mama, yapasa niseme, ameshona kofia za mkono tangu usichana wake, zile nyeupe za matundu wanazovaa wanaume Ijumaa, na mpaka leo ukimletea kofia ya mashine anaishika kwa vidole viwili.

Mimi nilikuwa na picha zangu kwenye simu: ngozi nyeusi, uzi mwekundu, mishono ya kukatizana inayotoa vimraba vya mshazari. Nilizipenda kufa. Mama akatupa jicho mara moja. "Hilo godoro." Nikamwambia ndivyo yanavyoshonwa magari ya mbio duniani kote. "Na unakimbilia wapi, wewe? Mute?" Mestre akageuza uso asinicheke mbele yangu.

Wakaendelea wao wawili, mimi nimesimama kama mgeni kwenye gari langu. Mestre alitoa vipande vya zamani, akamwonyesha mshono wa mstari mmoja, na ule wa mistari miwili inayokwenda sambamba, mmoja huku na mmoja huku wa maungio. Mama aliupitisha ukucha juu ya kila mshono, macho amefumba. Mstari mmoja akaukataa, akasema umeshonwa na mtu mwenye njaa. Akachagua miwili, uzi mweupe mzito, na katikati ya mgongo ua la kofia ambalo atalishona mwenyewe. Sijawahi kumwona amechangamka hivyo tangu turudi. Kipande cha katikati akakikunja kwapani, tukaenda nacho nyumbani.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo asingelifanya ila mshona kofia. Kabla ya kushona alikipiga bandi, mishono mirefu ya muda ya kushikilia ua lisihame, kama alivyozoea kwenye kitambaa. Asubuhi akaona ua limekaa upande. Akachomoa uzi, atengeneze upya. Kwenye kitambaa unachomoa, unasugua kwa kidole, tundu limekwisha. Alisugua. Akasugua kwa mate. Matundu yakabaki yanamtazama.

Mestre alipokiona alikiinua kwenye mwanga. "Ngozi haijizibi, mama. Na ya rangi hii sina nyingine."

"Maji yakimwagika hayazoleki," mama akasema. Mestre alitaka kukificha kipande hicho chini ya kiti, mgongoni atie napa. Mama akakataa katakata. Akaomba shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akakaa nayo siku nne. Kila tundu alilolitoboa alilijaza uzi. Ua likatoka limeinama upande, kweli, lakini ukitazama unadhani lilikusudiwa liiname na upepo. Mimi niliyetaka vimraba nikazifuta picha zangu kwenye simu.

Jumamosi mestre alifunga kiti. Mama alitoka amevaa buibui lake jipya. Nikafungua mlango, akaingia, akakaa. Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akapima kwa viganja nafasi iliyobaki pande zote mbili.

"Kitamtosha," akasema.

"Kitamtosha nani? Si umeshakaa?"

Nikawasha injini. Akaniwekea mkono kwenye usukani.

"Tukirudi, mdogo wangu atakaa wapi?"

"Harudi na sisi, mama. Tunakwenda kumsalimia tu."

"Viti viwili. Wewe na mimi. Tukiondoka, yeye anabaki chini." Alikuwa tayari anashuka. "Siku ile lori lilijaa. Palibaki nafasi ya mtu mmoja, nikapanda mimi. Nilipogeuka alikuwa chini, ameshika ubao wa lori, mpaka likamshinda mbio. Mimi sitaondoka tena ndani ya gari nikamwacha chini, mwanangu. Siwezi. Nenda wewe. Hicho kiti nilimshonea yeye."

Alilia pale pale uani, kwa sauti. Na mimi nilijiona mjinga, mjinga hasa, kwa jinsi nilivyokuwa nikiyacheka mambo yake ya jino na mvua.

Nilikwenda peke yangu. Mama mdogo nilimkuta anapepeta mchele. Akaniuliza dada yake hajambo, macho kwenye ungo. Mimi mdomo wangu haufungiki. Nikamweleza yote, lori, nafasi ya mtu mmoja, kiti.

Ungo ukasimama.

"Nani kakwambia alipanda kwa kupenda kwake?" akasema. "Dada yangu hakutaka kupanda bila mimi. Alinikumbatia, lori linaunguruma. Nikamwambia, panda, niondokee, nimekuchoka maisha yangu yote. Ndipo akaniachia. Nilishika ubao nimwambie si kweli, lori likanishinda." Akaufunika uso kwa pindo la kanga. "Miaka yote hii sikwenda, nikijua hawezi kunisamehe neno lile. Hakukwambia?"

"Hajalitaja hata siku moja."

Akauweka ungo chini, mchele na makapi yake humo humo, akalizunguka gari, akafungua mlango mwenyewe.

"Twende," akasema, "kabla sijaogopa."