Gongo ya Mke Wangu na Wiski ya Kijapani

Mke wangu alipika gongo nyuma ya nyumba yetu Igogo, karibu na ziwa, nami nilikuwa mwonjaji wake. Yeye alikuwa ameacha kunywa kwa ajili ya kanisa, lakini kupika hakuacha, maana ada za watoto zilitoka humo. Alihitaji ulimi wa mtu mwingine, tena usiodanganya. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusema kweli hakuhitaji shule.

Nilionja asubuhi, kabla ya chai. Kwanza alinimiminia kidogo viganjani, nikasugua mpaka ukali uruke, kisha nikanusa. Alisema kinachobaki mkononi ndiyo pombe yenyewe, kile kinachoruka ni kelele tu. Mara nyingi kilichobaki ni harufu ya unga ulioungua na ya bomba la kupitishia mvuke. Nilimwambia hivyo hivyo. Alinuna mpaka mchana, na safari iliyofuata alipunguza kuni.

Miaka ile maduka ya mjini yalianza kujaa vitu vya nje, na wiski zikapangwa nyuma ya vioo. Kila tulipopita alisimama kuziangalia rangi. Alipokuwa tayari anaumwa, aliniambia, "Baba watoto, siku ukipata ya dukani, ionje. Halafu uniambie yangu imeachwa umbali gani. Usinionee huruma."

Alifariki kabla sijaipata. Tulipomaliza matanga, swali lake lilikuwa bado liko kwangu.

Nilikwenda mjini. Chupa za Uskochi sikuziweza bei. Mwenye duka alinitolea moja kutoka rafu ya nyuma, ya Japani, akasema ni nafuu kwa sababu wateja wanaiogopa. Alinisomea karatasi yake: wiski za kimea cha shayiri tupu, zilizolala miaka katika mapipa mbalimbali ya mbao, zimechanganywa. Kimea nilikijua. Mke wangu alikianika kila wiki, cha ulezi.

Dada wa marehemu, aliyebaki nasi kuangalia watoto, alipoiona alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Shemeji, Mjapani si wa pikapu? Angalia usije ukanguruma."

Asubuhi yake nilipaka viganjani, nikasugua, nikangoja ukali uruke. Haukuwa mwingi. Nikanusa, na nikaketi chini.

Palikuwa na asali. Palikuwa na ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi, na mbao mbichi kama kwa seremala. Nyuma ya vyote palikuwa na moshi kidogo sana, kama shati la mtu aliyeota moto jana. Nilipoonja, vyote vile vilipita ulimini kimoja kimoja bila kusukumana. Nikaongeza tone la maji, utamu ukafunguka zaidi. Kasoro ilikuwepo: kooni iliisha upesi, ikaacha uchungu mdogo. Lakini sikuwahi kujua kwamba nafaka, maji na moto vinaweza kufika huko. Watu wa visiwa ambavyo sitaviona walikuwa wameotesha nafaka, wakakamata mvuke wake, kama sisi. Kisha wakaiacha pombe ikae kwenye mbao, miaka, bila mtu kuigusa. Nilihisi kama niko kanisani.

Nilitoka na kikombe mpaka kwenye mafiga ya mke wangu. Majivu yalikuwa bado pale, na upepo wa ziwani ulikuwa unayapunguza.

"Mama watoto," nilisema, "imekuacha mbali. Mbali sana. Wao wanailaza miaka. Yako hatukuilaza hata usiku mmoja."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alikuja polepole.

"Ungemdanganya kidogo, ungepungukiwa nini?"

Nilimjibu kwamba dada yake mwenyewe alinikataza.

Shemeji alinyoosha viganja, vyote viwili, kama dada yake alivyonifundisha mimi. Nikammiminia. Alisugua, akafunika uso kwa mikono, akakaa hivyo mpaka nikadhani analia. Huenda alikuwa analia. Kisha akaingia ndani kwenye kazi zake.

Mchana nilimkuta barazani anachambua mchele. Alisimamisha ungo magotini, akanusa kiganja.

"Bado ipo," alisema.