Matanga ya Msomaji wa Hali ya Hewa

Jumatano moja ya mwezi Machi, mwaka 1983, sisi watu wa kitongoji chetu kule Rhotia tulipoteza sauti ya bwana aliyekuwa akitusomea hali ya hewa redioni, na aliyewaambia watu kwamba amekufa ni mimi, na hakuwa amekufa. Naanza na aibu yenyewe kwa sababu najijua, nikiiacha nyuma nitaizunguka mpaka mchoke kunisikiliza.

Jina lake sikulishika kamwe. Tulimwita Bwana Mawingu. Alisoma kila jioni baada ya habari, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, na kabla ya kufika kwetu, nyanda za juu kaskazini, lazima akohoe kidogo, kikohozi kikavu cha mara mbili, ndipo aseme kama mvua ipo au haipo. Mke wangu Martina alikuwa akimjibu (ndiyo, alikuwa akiijibu redio, na nilimcheka kwa hilo miaka yote). Bwana Mawingu akimaliza kwa kusema tukutane kesho Mungu akipenda, Martina husema "Akipenda" huku anachambua maharage, hata kichwa hainui. Martina alifariki mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia. Niliendelea kumfungulia huyo bwana kila jioni, na lile neno la Martina nikawa nalisema mimi, kimoyomoyo.

Redio yangu ndiyo pekee iliyokuwa bado inasema kitongojini. Za wengine zilikuwa zimenyamaza kwa kukosa betri, maana miaka ile betri ilikuwa kama sukari na sabuni, unasikia duka fulani la Karatu limepata, unatembea mpaka kule, unafika zimekwisha. Mimi nilifungua wakati wa hali ya hewa tu, nikisikia nafunga, hata habari sikusikiliza, na betri zikichoka nilizianika juu ya bati siku mbili tatu zipate nguvu. Wiki ile nikazianika Jumanne na Jumatano. Alhamisi nikafungua, nikasikia sauti ya binti nisiyemjua, inakwaruza, kila baada ya maneno machache anavuta pua. Alisoma haraka, akatupita sisi wa kaskazini bila kukohoa, akamaliza. Nikabaki nimeishika redio mkononi.

Kesho yake nilipeleka mahindi mashineni. Mama Theresia, jirani yangu wa chini, mjane kama mimi na rafiki wa Martina tangu usichana, alikuwa kwenye foleni na debe lake.

"Baba Anjela," akaniita (Anjela ni binti yangu, ameolewa Kansay), "Bwana Mawingu anasemaje? Tupande au tungoje?"

"Hayupo."

"Amekwenda wapi?"

Hapo ningesema sijui, na mkasa ungeishia mashineni. Lakini kwangu mimi, mtu uliyemzoea akinyamaza ghafla, nilikuwa najua maana moja tu.

"Nadhani amefariki," nikasema. "Binti aliyeshika nafasi yake anasoma huku analia."

Watu wakaacha madebe yao wakasogea. Mmoja akasema hakufa huyo, amefukuzwa, aliwaahidi watu wa Dodoma mvua isije. Mwenye mashine akamjibu kwamba Bwana Mawingu hakuahidi kitu maisha yake yote, alikuwa akisema inatarajiwa, na mwaka juzi alituambia tusiamini mvua ya kwanza, tukangoja, wenzetu wa ng'ambo ya korongo wakapanda na mbegu zikawaozea. Bibi mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Sijawahi hata kumwona," akasema, "sijui namlilia nini."

Neno nadhani lilibaki pale mashineni. Lililofika kanisani Jumapili ni amefariki peke yake. Katekista, kwa kuwa hakuna aliyemjua jina, akamwombea "mtumishi wako msomaji wa hali ya hewa," na kanisa zima likaitikia. Baada ya misa, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Gwandu, akasimama nje akasema mtu huyu ametulisha, na kwetu sisi mtu aliyekulisha akifa hushiki jembe. Kumzika hatuwezi, Dar es Salaam ni mbali. Basi Jumatatu tutaweka majembe chini, tutakaa matanga siku moja.

"Tutakaa wapi?" mtu akauliza. "Nyumbani kwake hatukujui."

"Msiba uko penye redio," akasema Mzee Gwandu, na wote wakanigeukia mimi.

Usiku ule mvua ikanyesha. Ilikuwa ile mvua yenyewe tuliyoingoja, ya kulowesha mpaka chini, na Jumatatu asubuhi udongo ulikuwa laini, mweusi, unanukia, siku ambayo mkulima wa kwetu hawezi kukaa hata chai inywewe. Hakuna aliyekwenda shambani. Walikuja kwangu. Akina mama walikuja na kuni na mahindi ya makande, wanaume na viti vyao, na saa nne hivi akaingia Lemali, rafiki yangu wa Kimasai wa kule juu Ngorongoro, aliyekuwa ameshuka kwa ajili ya mnada wa Karatu na kusikia habari hukohuko. Alikuja anavuta kondoo dume.

"Pole, rafiki," akaniambia. "Mtu huyu alikuwa ananiambia siku ya kushusha ndama. Nimeleta huyu."

"Lemali, hukuwa na haja ya..."

"Nimeleta huyu," akarudia, akamkabidhi kwa vijana, na kabla sijapata la kusema kondoo alikuwa amekwisha kuchinjwa.

Sasa nifike penye kuniuma. Nilikuwa nimekwisha kuwa na shaka. Tangu Jumapili pale kanisani nilijiuliza, wewe nani amekwambia? Nikajua hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na muda wa kusema. Niliutazama ule udongo, nikamtazama Mama Theresia, ambaye mbegu yake ya maharage ilikuwa kibaba kimoja tu na hana mtu wa kumsaidia kupanda, nikaona kila saa inayopita inawala watu hawa, na bado nikanyamaza. Martina alifia hospitali, mbali, wakati wa masika, barabara imekatika, ikabidi azikwe hukohuko. Niliporudi peke yangu watu walinipa pole njiani, mmoja mmoja, kila mtu na jembe lake begani. Hapakuwa na matanga. Hakuna aliyekaa uani kwangu. Sasa ua ulikuwa umejaa, kuna moshi wa kuni, kuna mtu ananiletea maji ya kunawa, mwingine ananishika bega na kusema jikaze, na mimi nikajikaza. Sitadanganya. Nilikuwa nalia kweli, na siye Bwana Mawingu niliyekuwa namlilia.

Jioni, jua bado lipo, Mzee Gwandu akasema tufungue redio wakati wa matangazo ya vifo, tusikie ametoka ukoo gani na ameacha watoto wangapi. Betri zangu zilikuwa zimechoka, kwa hiyo watu wakatoa za tochi zao, nazo zimekaribia kwisha, tukachanganya. Katekista akafungua daftari akae tayari kuandika, kwa sababu matanga bila kusomwa historia ya marehemu si matanga. Redio nikaiweka juu ya kinu. Watu wakavua kofia.

Ukapita muziki wa taratibu. Kisha mtu akakohoa, mara mbili, kikavu.

"Ndugu wasikilizaji," akasema Bwana Mawingu, "yafuatayo ni matangazo ya vifo."

Alisoma yote, taratibu kama kawaida yake, na sisi tukayasikiliza yote, sijui kwa nini, labda tulidhani mwishoni atafika kwake mwenyewe. Alipomaliza akawashukuru wale waliomtakia heri Jumatano iliyopita alipoaga kwenye hali ya hewa na kuhamia kipindi hiki. Jumatano. Betri zangu siku hiyo zilikuwa juu ya bati.

Kisha Mama Theresia akasema polepole, "Kwa hiyo marehemu ndiye anayesoma."

Mtu wa nyuma akaanza kucheka, akajizuia, ikawa vibaya zaidi, na kicheko kikazunguka ua mzima. Lemali peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama sufuria. "Yule bwana amefufuka," akasema, "lakini kondoo wangu hafufuki."

Mzee Gwandu akanyanyua mkono wakanyamaza. "Baba Anjela. Nani alikupa habari hii?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna, Mzee. Nilidhani. Na tangu jana nilijua kwamba nimedhani tu, na leo asubuhi nimeuona udongo kama mlivyouona ninyi." Nikaifunga redio, nikaendelea. "Sikusema kwa sababu mlikuja mkakaa. Martina hakukaliwa matanga na mtu. Mlipokaa, nilitaka msiondoke."

Nilitegemea matusi, na nilistahili. Mzee Gwandu akakaa kwenye kiti chake. Kisha akahukumu. Nimepoteza siku ya watu, kwa hiyo nitairudisha kwa mikono: nitapanda katika shamba la kila nyumba iliyokaa hapa, nikianza na wasio na watu wa kuwasaidia, na langu litakuwa la mwisho. Nikasema sawa. Lemali akasema yeye hana shamba, nitamlipa mahindi yakiiva, nikasema sawa.

Nikadhani sasa watachukua viti vyao. Lakini Katekista alikuwa bado amesimama na daftari. Akaufunua ukurasa mwingine, akalamba ncha ya kalamu.

"Jina kamili la marehemu," akasema.

Sikumwelewa. Mama Theresia akanigusa kiwiko. "Anakuuliza wewe. Mtajie Martina."

Nikamtajia. Akaandika, akauliza mwaka wa kuzaliwa, sikuwa naujua, Mama Theresia akasema ni mwaka wa nzige, yeye na Martina walibebwa mgongoni msimu mmoja. Akauliza alibatizwa wapi, alizaa wangapi, wangapi wapo. Kisha akasoma yote kwa sauti, mbele ya watu wote, nao wakasikiliza kimya kama walivyoisikiliza redio. Ndipo wakala.

Tangu siku ile sitangazi kifo cha mtu ambaye kaburi lake sijalikanyaga, na nikiulizwa jambo nisilolijua husema sijui, hata mbele ya mashine ya kusaga, hata foleni yote ikinitazama. Walinitania miaka mingi. Nikikohoa tu kanisani, mtu hunong'ona, huyo, anataka kusoma vifo.

Jumanne asubuhi nilichukua jembe nikashuka kwa Mama Theresia kama nilivyohukumiwa. Nilimkuta yuko shambani tangu alfajiri, upande wa juu amekwisha kuumaliza, sketi imelowa mpaka magotini. Hakuniambia pole wala karibu. Alinimiminia nusu ya mbegu zilizobaki kiganjani, akanionyesha upande wa korongoni, akasema, "Anzia pale, na usizizamishe sana." Nikaenda nikaanzia pale.