Mkonge Hauna Ndugu

Mogesi Heche alikuwa na msemo mmoja uliomjengea jina kuanzia Nkende hadi Ringwani: "Mkonge hauna ndugu." Yeye ni kiongozi wa kikosi cha upimaji wa mashamba na viwanja. Majirani wawili wakigombana mpakani, kila mmoja akiapa kwa kaburi la babu yake, Mogesi hakuwasikiliza sana. Alitafuta mstari wa mkonge. Ukiwepo, huo ndio mpaka. Simika bikoni, lile jiwe la mpaka, twende mbele. Na tuseme haki, mara nyingi alipatia, kwa sababu watu wa huku hupanda mkonge mpakani: ng'ombe haugusi, na mtu hawezi kuung'oa kimyakimya.

Kule Ringwani alikuwepo mjane mmoja, Modesta. Alimfuata Mogesi shambani, akamweleza kwamba mkonge ule aliupanda mwenyewe kuzuia mbuzi, na kwamba shamba lake linaendelea hadi kijitoni. Shemeji yake, waliyepakana naye, alisimama pembeni, anatabasamu.

"Mama, kila mtu ana hadithi," Mogesi alimwambia. "Mkonge hauna ndugu."

Kikosi kizima kilicheka, na Felix, msaidizi wake anayeshika mashine ya kupimia, ndiye aliyecheka zaidi. Bikoni zikasimikwa. Modesta akabaki na nyumba na uwanja wa kuanikia mihogo.

Mwaka uliofuata ikafika zamu ya Turwa, na Turwa ndiko nyumbani kwao Mogesi. Mama yake, Wegesa, macho yameshapungua nguvu, hakuwa na maneno mengi.

"Mnipimie vizuri pale mahameni, alipolala baba yako," alisema. "Nikifa nilazwe ubavuni kwake. Sitaki kulala ugenini."

Mahame hayo ndipo ilipokuwa nyumba yao ya kwanza. Ilipobomoka, Wegesa alijenga nyingine juu kidogo, na pale chini, kwenye udongo mweusi wa lililokuwa zizi, akalima ulezi. Kati ya nyumba mpya na ulezi ulipita mstari wa mkonge. Mogesi aliuruka utotoni mwake wote bila kuufikiria. Asubuhi hiyo, alipofika na bikoni zake, ndipo alipouona.

Baba yake mdogo, Wangwe, ambaye shamba lake linapakana na mahame, alikuwa ameuona zamani. Alisimama na mwenyekiti wa mtaa na majirani, kama utaratibu unavyotaka, akaunyooshea fimbo.

"Mpaka wangu na shemeji ni huu hapa."

"Shikamoo, baba mdogo," Mogesi alisema. "Huo si mpaka. Ni wa kuzuia mbuzi."

Mtu mmoja akacheka huko nyuma. Wangwe hakucheka.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Kila mtu ana hadithi, si ndivyo mnavyowaambia watu? Mkonge hauna ndugu. Au unakuwa na ndugu akiwa ni mama yako?"

Jirani yao Emanueli, aliyekulia kwenye ugali wa Wegesa, akaulizwa anachojua. Alitazama viatu vyake, akasema anajua tu kwamba mkonge upo hapo tangu azaliwe. Mwoga yule! Hakudanganya, na hakusaidia.

Njia ilikuwa bado ipo. Kiongozi wa kikosi anaruhusiwa kuandika kwamba pana mgogoro, eneo likaachwa bila kupimwa mpaka baraza la kata liamue.

"Kiongozi, tuandike mgogoro?" Felix alinong'ona. Halafu akauliza, wala hakuwa na nia mbaya, "Kwa yule mama wa Ringwani, tuliandika?"

Hawakuwa wameandika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na siku hiyo Mogesi aliusikia unavyochoma. Ilimpasa aseme neno moja tu mbele ya watu: Ringwani nilikosea. Lakini neno hilo lingetikisa kila bikoni aliyowahi kusimika, na jina lake pia. Aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kumnyima mama yake kaburi. Ndiyo, hivyo hivyo, tusimpambe.

"Soma hapo kwenye mkonge," alimwambia Felix.

Wegesa alikuwa amekaa mlangoni. Hakuona vizuri, lakini aliwasikia wakichimba.

"Mbona mnasimika karibu hivyo?"

Mogesi akamweleza. Mama hakulia. Alipapasa ukuta, akainuka taratibu.

"Mkonge huo niliupanda baba yako akiwa hana hata mwaka kaburini," alisema. "Mbuzi walikuwa wanamaliza ulezi. Na ulezi huo ndio uliokupeleka chuo, mwanangu, ukajifunze kupima."

Akashika kizingiti.

"Haya. Umeshamaliza kumpimia Wangwe. Sasa nipimie mimi pa kunizika."