Mazoezi ya Kutosalimu

Ukipita Rwamishenye jioni, upande wa madukani, utamkuta mama mmoja anachemsha njugu mawe kwenye sufuria kubwa, amezifunika kwa majani ya mgomba. Harufu yake ni ya udongo uliolowa na chumvi kidogo. Wengine huifuata wakimeza mate. Mimi hunipandisha hasira. Hata hivyo hununua, nikala nimekunja uso, na mama yule ameshanizoea. Huniuliza kama leo zimenifaa au bado nina ugomvi nazo.

Ugomvi wangu si na njugu. Ngoja niwaeleze.

Nilikulia kijijini, Muleba, nyumba yetu ikiwa ndani ya kibanja, migomba na mibuni imetuzunguka mpaka mlangoni. Kibanja kilikuwa cha baba, na kabla yake cha babu, na hapakukatwa hata mkungu mmoja bila baba kujua. Lakini ukipanda juu ukaiacha migomba unatokea kwenye rweya, uwanda wa nyasi ulio wazi kwa upepo wa ziwa. Huko ndiko wanawake walikolima njugu mawe. Udongo wenyewe mbaya, mawe mengi, jua la utosini, wanaume hawakuutaka, kwa hiyo ukawa wa kina mama. Mama alikuwa na vipande viwili kule, na ni mahali pekee alipovuna kitu bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa akiimba akiwa kule. Nyumbani sikumbuki kumsikia akiimba.

Mtendaji wa kijiji akaigawa rweya. Alimpa bwana mmoja wa mjini apande miti ya mbao, karatasi ikaja na muhuri wake, na vigingi vikapigwa katikati ya njugu zilizokuwa zimekaribia kuvunwa. Kina mama walipokwenda ofisini kuuliza, aliwaacha wasimame juani toka asubuhi hadi saa nane, kisha akatoka akawauliza, "Nyie mnaongea kama nani?" Akapanda pikipiki akaenda zake. Kama nani!

Mimi nilitaka tumchomee pikipiki. Nilikuwa na miaka kumi na nilijua kiberiti kinakaa wapi. Mama alininyang'anya kiberiti. Aliyetoa wazo ni jirani yetu Ma Adelina, mjane mwenye sauti nzito na maneno machache. Alisema Mtendaji asisalimiwe, basi. Asitukanwe, asitemewe mate, akiomba maji apewe, akipita apishwe njia. Ila salamu, hapana.

"Salamu ni zetu, waitu, ndugu zangu," alisema. "Hakuna muhuri wa serikali kwenye shikamoo."

Msiotoka kwetu mtaliona jambo dogo. Kwetu mtoto wa kike hujifunza kupiga magoti kabla hajajua kuhesabu. Mtu husalimiwa yeye, kisha huulizwa mke, watoto, ng'ombe na mvua ya jana. Usiposalimiwa siku nzima unaanza kujiuliza kama umetoka nyumbani kweli. Na salamu zilikuwa zimetukaa mwilini. Mtu mzima akitokea tu, magoti yanashuka yenyewe. Ndiyo maana ilibidi tufanye mazoezi.

Mama alivaa koti la baba na kofia yake, akaja kwenye njia ya kibanjani kwa maringo, tumbo mbele. "Hamjambo, wanangu?" Mdogo wangu Deo akapaza sauti, "Hatujambo, shikamoo mama!" Tukaanza upya. Nilifunga mdomo, magoti yakanisaliti. Nilipoyashinda magoti, kicheko kikanitoka. Mama hakucheka. "Kucheka ni kumtukana," alisema. "Mtazame usoni, umpishe, unyamaze." Siku nne tulifundishwa kutosalimu kama tulivyofundishwa Baba Yetu.

Basi Mtendaji akawa anapita sokoni, kisimani, nje ya kanisa siku ya Jumapili, na kila mahali watu wanampisha kwa adabu, kimya. Mwanzoni alicheka. Kisha akaanza yeye kutusalimu, hata watoto aliozoea kuwatimulia vumbi. Wiki ya tatu akaja shuleni kwetu.

Tulikuwa mstarini asubuhi. Mwalimu mkuu akasema tuna mgeni. Mtendaji akasogea mbele akitabasamu. Nakumbuka alikuwa ametoka kunyoa ndevu na amejikata kidevuni.

"Hamjambo, watoto?"

Shule nzima kimya. Akarudia. Mwalimu mkuu akaona aibu, na aibu ya mwalimu wetu siku zote ilimalizikia kwenye fimbo. Alianza na mstari wa mbele. "Msalimie mgeni." Anitha, binti wa Ma Adelina, alitazama mbele, akatoa mikono, akachapwa nne na hakufungua mdomo. Aliyefuata nilikuwa mimi. Fimbo ilipoinuka, kabla hata haijashuka, magoti yangu yalikuwa vumbini.

"Shikamoo."

Sauti moja nyembamba, na kila mtu ameisikia. Mtendaji alifungua mdomo aitikie, marahaba haikutoka. Alinitazama pale chini, akaitazama mikono ya Anitha, akasema, "Basi, Mwalimu. Basi." Aliondoka akiisukuma pikipiki mpaka barabarani, bila kuiwasha.

Nilirudi nyumbani nikijua nimeharibu kila kitu. Nilimweleza mama huku nalia, nikangoja kipigo. Hakunigusa. Alikaa chini, akasema, "Mzigo wetu tumewatwisha nyie," na usoni mwake niliona hasira ambayo Mtendaji mwenyewe hakuwahi kuoneshwa.

Kesho yake mstari wa mbele ulikuwa wa kina mama. Walisimama mahali petu, khanga zimefungwa kiunoni, sisi tuko nyuma yao. Mama alisimama pale pale nilipopiga magoti. Mwalimu mkuu alipotoka ofisini na fimbo yake, Ma Adelina alinyoosha viganja, vigumu kwa jembe, akamtazama usoni. Mama naye akanyoosha. Mstari mzima ukanyoosha, bila neno. Mwalimu aliishusha fimbo, akarudi ndani. Siku hiyo hakuna aliyepiga kengele. Tuliingia darasani wenyewe.

Mwezi haukuisha, Mtendaji akaitisha mkutano wa kijiji, akatangaza kwamba mgao wa rweya umefutwa, eti kulikuwa na makosa. Makosa! Hakusema ya nani. Njugu za msimu ule zilikuwa zimeshaozea ardhini, na hakuna aliyeziombea radhi. Halafu mama akatoka katikati ya watu, akaenda mbele, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba," akajibu, na sauti ikampasuka.

Nilimchukia mama siku hiyo. Njia nzima sikumsemesha. Tulipofika nilimuuliza kwa ukali ambao ungestahili kofi: kwa nini amempigia magoti mtu yule?

"Nilimnyima ili arudishe," alisema. "Amerudisha. Nikiendelea kumnyima nitakuwa nataka nini?"

Nilidhani amenyenyekea kama nilivyonyenyekea mimi. Imenichukua miaka kuona kwamba tulifanya vitu viwili tofauti kabisa. Yangu ilitolewa na fimbo. Yake aliitoa mwenyewe, siku aliyoichagua, mbele ya watu wote, na Mtendaji alilijua hilo.

Nimelijua hilo na bado halinisaidii. Baba alipofariki, Mtendaji alikuja msibani, mzee sasa, anakokota miguu. Mama alimpokea. Mimi nilimpisha njia kwa adabu, nikamtazama usoni, nikanyamaza, nikijiona shujaa. Mama aliniona. Watu walipopungua alinivuta kando.

"Rweya alisharudisha, mwanangu. Wewe unataka akurudishie nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nami nilijua kwamba Mtendaji hawezi kunipa hata angetaka. Nilitaka anirudishie magoti yangu.