Nani Aite Watu, Nani Awaandike

Siku ya kwanza niliyoingia ofisi ya utumishi nilipewa kiti kisicho na mgongo na kabati la mafaili lisilofungika. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba na mwandiko unaosomeka. Huo mwandiko ndio ulioniingiza. Lilikuwa shamba la maua kwenye miteremko ya Meru. Meneja Utumishi, mama wa makamo kutoka Machame, alinitazama kuanzia viatu hadi kola.

"Kijana, hapa tunaandika watu," alisema. "Ukikosea jina la mtu umekosea likizo yake na matibabu yake. Na atakuja kwako, si kwangu."

Ninyi mnasema rasilimali watu. Sisi tulisema utumishi, na kazi ilikuwa kumshika mtu tangu barua ya maombi mpaka siku anapoagwa. Kulikuwa na usaili, kisha matazamio, yaani miezi ya mwanzo ambayo shamba linamwangalia mtu na mtu naye analiangalia shamba. Kutafuta watu hakukuwa taabu. Niliandika tangazo kwa mkono, nikalipeleka usharikani, mzee wa kanisa akalisoma Jumapili baada ya matangazo ya ndoa. Jumatatu walikuwa getini. Nikimpata mchapakazi, nilimwuliza, "Huna ndugu?" Daima alikuwa naye.

Naomi, mke wangu, nilimwandika hivyo hivyo, ameletwa na shangazi yake. Tulipooana niliwaandika na ndugu zake. Walikuwa hodari, na sitaficha, kumkatalia shemeji si kazi nyepesi. Wote nikawaweka banda la kufungashia, mahali maua yanapopangwa kwa urefu wa vikonyo na kufungwa mafungu, kabla ya kuingia chumba cha baridi kungoja ndege. Miaka ikapita, banda zima likawa ukoo mmoja.

Wiki ya kuelekea sikukuu ya wapendanao, wiki ambayo shamba la waridi halilali, mama mkwe wangu akafariki. Huku kwetu mzazi akilala ndani, hakuna anayekwenda kazini. Asubuhi ile banda lilikuwa tupu. Mawaridi yalisimama ndooni mpaka yakafunguka yote, na ndege ikaondoka bila mzigo wetu.

Tuliporudi kutoka msibani, Mkurugenzi aliita kikao.

"Nani aliwaandika hawa wote?"

"Mimi, Mkurugenzi."

"Na kazi ya kutafuta vibarua wa dharura ni ya nani?"

"Yangu."

"Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Msibani. Marehemu ni mama mkwe wangu."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Meneja Masoko, kijana aliyehamia kutoka Dar es Salaam, hakucheka. "Ajira ije kwetu Masoko," alisema. "Kazi inauzwa kama waridi linavyouzwa. Tangaza vizuri, wanunuzi watakuja kutoka kila upande, si ukoo mmoja."

"Waridi halifiwi, baba," Meneja Utumishi akamjibu.

Lakini Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuamua. Ajira ilikwenda Masoko kwa msimu mmoja, na mimi nikapelekwa huko kuandika majina tu. Msimu ukienda vizuri, niliambiwa, nafasi yangu haitakuwepo tena.

Yule kijana alijua kazi yake. Alitangaza redioni, akabandika picha mjini kote, toka Sakina hadi Kimandolu: msichana amekumbatia waridi, anacheka. Watu walijaa getini kuliko Jumatatu zangu zote. Wiki ya tatu nusu yao walikuwa wametoroka, kwa sababu picha haikusema baridi ya kazini. Tukatangaza tena. Safari hii binti mmoja wa Engutoto aliniuliza, "Eti baba, humo ndani pakoje?"

Nilikuwa nimeagizwa kujibu, "Mazingira mazuri." Nikamwambia alichoniambia Naomi kila jioni akinyoosha vidole vyake. Sweta mbili, soksi mbili. Miiba inapita kwenye glavu. Utasimama mpaka miguu iwe ya mtu mwingine. Waliosikia wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Meneja Masoko alikuja mbio. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, unanifukuzia watu!"

"Nakuondolea watakaotoroka, Meneja. Waliobaki hawa, waandike."

"Na wakitoroka nao?"

"Niondoke nao."

Binti yule alibaki. Wengi wa siku ile walimaliza matazamio. Msimu ulipokwisha, kijana alisimama mwenyewe mbele ya Mkurugenzi. "Kuita naweza," alisema. "Kuandika mwachieni mzee." Nikarudi kwenye kiti changu, lakini nilirudi na sharti nililojiwekea: watu wa nyumba moja wasikae meza moja, na msiba wa ukoo uendewe kwa zamu, isipokuwa watoto wa marehemu. Shemeji zangu walininunia mwaka mzima. Naomi alisema watazoea, na wakazoea.

Nimestaafu, nina migomba yangu na kahawa kidogo, na siku zangu nyingi ni nzuri. Wajukuu wakiniuliza ajira ni ya nani, nawaambia Masoko wapige mbiu, Utumishi wafungue mlango, na anayefungua aseme ukweli kuhusu kilichomo ndani. Zaidi ya hapo sijui.

Naomi alituacha mwaka juzi, wiki ya maua mengi. Wapwa zake na wenzake wa zamani walikuwa bado bandani, na sharti lilikuwa bado linafuatwa. Siku ya maziko, saa sita, mchungaji akaniuliza, "Mzee, tuanze?" Nikamwomba tungoje zamu ya asubuhi itoke. Kina mama wakaimba pambio moja baada ya jingine. Saa nane lori la shamba likaingia uani. Walishuka wakiwa na sweta zao za chumba cha baridi, jua limewaka, na hawakuzivua mpaka tulipomaliza kufukia.