Saa Niliyoinunua Matanga Hayajaanuliwa

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana wa Jumapili, sijagusa hata chupa moja ya bia. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize mpaka mwisho.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu Mwanza alitaka saa za plastiki kutoka Dubai. Mimi nikawa nakusanya walizozichoka: saa za Uswisi za kizamani, zenye visaa vidogo ndani na vibonyezo viwili ubavuni vya kupimia mbio. Nilikuwa nazo sita. Mke wangu aliniita chizi, na hakukosea sana.

Basi akafariki mwalimu mmoja wa michezo kule Butimba. Siku ya tatu ya msiba, mdogo wake akaniletea saa ya marehemu dukani kwangu Mabatini. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na kwetu mali ya marehemu haiguswi kabla ukoo haujakaa. Nilijua vizuri. Lakini ile saa, ungeiona wewe ungefanya nini? Nikaogopa ataipeleka kwa mwingine, nikainunua.

Jumapili nikaenda nayo ufukweni Igogo, nikaketi kwenye jiwe nikiigeuzageuza. Akatokea mtu wa makamo, kavaa suti ya michezo ya bluu. Hata salamu hakutoa.

“Bonyeza nikianza, bonyeza tena nikirudi,” akasema.

Nikabonyeza. Akakimbia juu ya changarawe na, niamini, sikusikia hata kokoto moja. Akazunguka jabali. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi, nikaenda kutazama. Nyuma ya jabali ni maji matupu. Nikabonyeza tena ili mshale wa mbio usimame, ukakataa, ukaendelea kuzunguka.

Utasema saa ilikuwa mbovu? Mimi pia nilisema hivyo, siku nne nzima. Silali, chakula hakipiti, na kila niliposimama nilisikia mtu anahema mgongoni kwangu. Bado sikutaka kuirudisha. Niliipenda, huo ndio ukweli.

Siku ya tano nikashindwa, nikaenda Butimba msibani. Picha ya marehemu ilikuwa mezani: ni yuleyule, na suti ileile. Nikaitoa ile saa mfukoni. Mjane alipoipokea saa, mshale ukasimama, naye hajabonyeza chochote.

“Umekuwa nayo tangu lini, kaka?”

“Tangu siku ya tatu, mama. Aliniuzia shemeji yako.”

Akakaa chini taratibu. “Huyohuyo shemeji alisema kaiiba binti yangu, Kabula. Wakubwa wa ukoo wamemwachisha shule. Jana wamempandisha meli ya Ukerewe, akakae kwa shangazi yake.”

Jana. Mimi nilikuwa nayo mkononi.

Saa zangu zote niliziuza. Wewe unayependa vitu vya kale, nakuonya: kabla hujanunua, uliza kama matanga yameanuliwa. Na kama umeshanunua, rudisha leo hii, usijipe siku. Kabula alirudishwa nyumbani, lakini nafasi yake shuleni ilishachukuliwa. Sasa anauza dagaa hapa Mabatini. Hupita mbele ya duka langu kila asubuhi, akawaamkia wazee wote barazani, mimi akaniruka.