Nimemnyoa Bosco, Sasa Mimi Ndiye Mbaya

Jameni, leo nimefokewa kwa kunyoa mbwa.

Bosco analinda geti la ploti yetu ya kupanga hapa Makadara. Tangu aletwe mwaka wa tisini na tatu, miaka sita sasa, hajawahi kuoshwa. Mzee mwenye ploti anasema eti mbwa msafi haogopwi na wezi.

Manyoya yameshikana mpaka shingoni, magumu kama gunia lililokaukiwa na matope. Siku hizi anatembea kichwa upande.

Mimi ni fundi wa nguo. Nikachukua makasi yangu, nikaanza polepole. Hakuniuma. Alitetemeka tu.

Chini ya manyoya nikakuta waya. Ule ule aliofungwa nao akiwa mdogo. Shingo imekua, waya umeingia ndani ya nyama.

Nikaukata kwa koleo. Kina mama waliokuwa wakifua wakaacha nguo, wakaja kuangalia.

Mzee akatokea. "Nani alikutuma? Umeniharibia mbwa! Sasa nani atamwogopa?"

Akaingia ndani, akarudi na waya mpya.

Niambieni nyinyi, ningemzuia vipi? Nyumba ninamolala ni yake.

Na Bosco, mjinga yule, akamnyooshea shingo huku akitikisa mkia.